Mtoto anatembea kutwa, lakini amecheza saa ngapi?

Watoto 563 wa jijini Nairobi, wa umri wa miaka 9 hadi 11, walifungwa kiunoni kidude kidogo cha kupima mwendo kinachoitwa akselerometa. Walitakiwa kukivaa siku saba, mchana na usiku, na kukivua penye maji tu. Kidude hicho hakiulizi maswali wala hakibembelezwi. Mtoto akikimbia kinaandika, akikaa mbele ya televisheni kinaandika.

Majibu yalichapishwa mwaka 2014. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za mwendo unaofanya moyo uende mbio na jasho litoke. Kwa watoto wale wa Nairobi wastani ulikuwa dakika 36. Waliofikisha dakika 60 walikuwa asilimia 12.6 tu, na takriban mmoja kati ya watano alikuwa na uzito uliopita kiasi.

Hii ni Kenya, nchi ambayo dunia nzima inaijua kwa wakimbiaji wake.

Utafiti huo ulikuwa sehemu ya mradi wa nchi 12, na upande wa Kenya ulisimamiwa na Profesa Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, akiwa na watafiti wenzake Stella Muthuri, Lucy-Joy Wachira na Mkanada Mark Tremblay. Onywera ni mtaalamu wa sayansi ya mazoezi, na safari yake ya utafiti inafaa kusimuliwa, kwa sababu alianzia upande wa pili kabisa. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha kazi waliyowahoji wanariadha zaidi ya 400 wa mbio ndefu wa Kenya na kuwalinganisha na Wakenya wa kawaida. Walitaka kujua mabingwa wametokea wapi na walikua vipi. Moja ya majibu lilikuwa njia ya shule: wanariadha, kuliko watu wengine, walikuwa wamesoma shule za mbali na walikwenda huko wakikimbia.

Miaka michache baadaye mtafiti huyohuyo alikuwa anapima watoto wa nchi hiyohiyo ambao hawafikishi hata saa moja ya mwendo kwa siku. Katika kazi nyingine ya mwaka 2011, yeye na wenzake waliweka watoto wa Nairobi, watoto wa kijijini Kenya na watoto wa Canada kwenye mizani moja. Kijijini hawakumkuta hata mtoto mmoja mwenye uzito uliozidi. Mjini walikuwapo, na wasichana walikuwa wengi kuliko wavulana. Robert Ojiambo wa Chuo Kikuu cha Moi naye alipima vijana wa mjini na wa vijijini, akakuta wa vijijini wanasogea zaidi, na wasichana wa mjini wakiwa nyuma ya wote.

Kuna jambo moja katika utafiti huu ambalo mzazi wa Afrika Mashariki anapaswa kulitafakari. Muthuri na wenzake walipolinganisha elimu ya wazazi na uzito wa watoto katika zile nchi 12, waligundua kwamba Marekani na Brazil mtoto wa mzazi mwenye elimu ndogo ndiye aliye hatarini zaidi kunenepa. Kenya na Colombia ilikuwa kinyume. Huko mtoto wa mama aliyesoma ndiye anayezidi uzito. Yaani kwetu maendeleo ya familia yenyewe, nyumba yenye geti, basi la shule, king'amuzi na simu ya kila mtu, ndiyo yanayomkalisha mtoto. Na hakuna mzazi mwenye akili timamu anayetaka kurudi nyuma ili mwanawe akimbie.

Kifunge kidude hicho Gorong'a

Sasa mtu avuke mpaka pale Sirari, aingie Tarime, na ashuke hadi kata ya Gorong'a, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Amfunge kidude kilekile kiunoni msichana wa darasa la nne.

Msichana huyu anaamka kabla ya jua. Anafagia uwanja, anateka maji, anapanda na kushuka kilima kwenda shule. Akirudi jioni anabadilisha sare, anambeba mdogo wake mgongoni, anakwenda kutafuta kuni au kurudi tena mtoni na ndoo. Kaka yake yuko machungani na ng'ombe. Giza likiingia msichana yuko jikoni. Akipumzika, ni kwa sababu amelala.

Akselerometa itamsifu. Dakika 60 atazipita bila shida, huenda mara mbili. Na kwa mujibu wa WHO hakuna kosa katika hesabu hiyo, kwa kuwa mwongozo wake wa mwaka 2020 unataja wazi kwamba mwendo wa mtoto unaweza kutokana na michezo, vipindi vya mazoezi shuleni, safari ya miguu au kazi za nyumbani. Moyo na mapafu havijui tofauti kati ya ndoo na mpira.

Lakini kuna mambo ambayo kidude hakiyaoni. Hakijui kama mtoto anakimbia kwa furaha au anakimbia asichapwe kwa kuchelewa. Hakijui nani aliyeamua aende huko anakokwenda. Neno burudani halimo ndani yake. Mtoto wa Nairobi amekosa mwendo. Huyu wa Gorong'a mwendo anao tele, alichokosa ni kucheza. Ukisoma namba peke yake utadhani mmoja ana tatizo na mwingine hana.

Na si suala la kusikitika tu. Kucheza ndiko kunakomfundisha mtoto kupanga timu, kugombana na kupatana bila mkubwa, kubuni kanuni na kuzifuata, kushindwa mbele ya wenzake na kurudi kesho. Ndoo haifundishi hayo. Ndoo inafundisha uvumilivu na wajibu, na hayo ni mema, ila si yote anayohitaji mtu wa miaka kumi.

Tanzania imelikubali jambo hili kisheria, ingawa wazazi wengi hawajawahi kulisikia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inaorodhesha wajibu wa mzazi: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maelekezo, uhuru, na halafu haki ya kucheza na kupumzika. Imewekwa pamoja na chakula na chanjo, orodha moja.

Mvulana anacheza machungani, msichana je?

Habari ya kazi za watoto katika ukanda huu si mpya. Katika miaka ya 1950 watafiti Robert na Barbara LeVine waliishi na Wakisii, majirani wa Wakurya upande wa Kenya, katika mradi uliolinganisha malezi ya jamii sita za mabara tofauti. Watoto wa Kisii ndio waliokuwa na kazi nyingi kuliko wote. Na kazi hizo hazikugawanywa sawa. Mvulana akipelekwa machungani anakutana na wenzake, ng'ombe wanakula, wao wanapigana mieleka, wanarusha mishale, wanaogelea. Kazi yake ina nafasi ya mchezo ndani yake. Kazi ya msichana imebanwa na nyumba na mtoto mchanga. Hakuna anayeweza kucheza kombolela vizuri akiwa na mtoto mgongoni, ingawa wasichana wa vijijini hujaribu.

Yeyote aliyekulia Mara anaweza kusema kama picha hiyo imebadilika sana.

Hapo ndipo mgawanyo wa kazi unapokuwa suala la michezo. Saa moja ya kucheza ya msichana haitashuka kutoka mbinguni, itatoka kwenye kazi ambayo mtu mwingine ataifanya. Mtu huyo, mara nyingi, ni kaka yake. Wazazi wengi wa kiume wanasita hapa, wakiogopa kwamba mvulana akikosha vyombo na kulea mtoto atalegea. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Carol Ember, alilichunguza jambo hilohilo kwa wavulana wa Kijaluo huko Nyanza Kusini na kuchapisha majibu mwaka 1973. Kulikuwa na familia ambazo, kwa kukosa binti wa umri unaofaa, zilimpa mvulana kazi za kike. Wavulana wale walikuwa wagomvi kidogo kuliko wenzao na wepesi zaidi wa kusaidia. Katika wilaya ambayo wazee wanalalamika kila mwaka juu ya vijana wenye panga mkononi, hayo si matokeo ya kudharau.

Kisha msichana anafika umri wa miaka kumi na moja, kumi na mbili, na hata ule mchezo mdogo aliokuwa akiuiba njiani unakatika. Katika jamii za Wakurya na jirani zao tohara ndiyo mlango wa utu uzima, na mtu mzima hachezi rede. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1998, lakini kila likizo ya Desemba inapokaribia, kituo kilichopo Masanga, ndani ya kata hiyohiyo ya Gorong'a, hupokea wasichana wanaoukimbia. Madhara ya mwili yameelezwa mara nyingi na yanatosha kabisa kuupinga. Lisilosemwa sana ni kwamba siku ile mtoto anaambiwa utoto umekwisha. Msichana ambaye mama yake anamwona bado ni wa kucheza, anayetumwa uwanjani jioni pamoja na wenzake, ni vigumu kidogo kumwita mwali wa kuozwa.

Kinachokuja Tarime

Gorong'a haitabaki ilivyo. Bodaboda zimefika hadi vijiji vya ndani. Shule za binafsi zenye mabasi na mabweni zinavuta watoto wa wenye uwezo kutoka Nyamongo, Sirari na Tarime mjini. Maji ya bomba, yakifika, yatamwondolea msichana ndoo, na ni heri yafike leo kuliko kesho. Simu iko mkononi mwa baba na jioni iko mkononi mwa mtoto. Darasa la nne na la saba wanabakizwa shuleni kwa masomo ya ziada kwa sababu ya mitihani ya taifa, na kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kuliwa.

Kila hatua kati ya hizo ni nzuri au ina sababu yake. Zikijumlishwa, zinaondoa mwendo wote ambao mtoto wa kijijini alikuwa anaupata bure, na hakuna kinachowekwa mahali pake. Ndivyo ilivyokwenda Nairobi. Katika makala ya mwaka 2012 Onywera na wenzake waliandika kwamba dalili za mabadiliko hayo zimeshaonekana Kenya, ndani ya muda mfupi tu. Mtoto aliyezoea kusogea kwa kulazimishwa, ukimwondolea ulazima, hukaa. Aliyezoea kucheza atatafuta mpira.

Mwaka 2014 nchi 15, Kenya ikiwa miongoni mwao, zilitoa kadi za ripoti za mwendo wa watoto wao, zenye alama kama za shuleni. Tanzania haikuwamo. Wanamichezo watatoa mfano wa UMITASHUMTA, na ni mashindano mazuri, lakini shule huchagua wachache wenye vipaji, na waliobaki huwa washangiliaji. Mkoa wa Mara umewahi kumtoa Suleiman Nyambui wa Majita, aliyeshinda medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, mwaka ambao Tanzania ilipata medali zake mbili pekee za Olimpiki hadi leo. Bingwa mmoja ni fahari. Lakini haki ya kucheza iliyo kwenye kifungu cha 8 ni ya yule mtoto wa mwisho kwenye mbio.

Familia ikicheza pamoja

Watoto wanamwiga mzazi, na hapa pana ugumu wa kweli. Baba wa Tarime mwenye heshima zake hukaa na wazee wenzake. Kucheza na watoto, hasa wa kike, anaona ni kujishusha. Mama naye jioni hana miguu ya kusimama. Kwa hiyo ushauri wa magazeti ya nje, wa familia kwenda bustanini mwishoni mwa wiki na baiskeli nne, hauna maana yoyote huku.

Kilichopo ni kingine. Ngoma ya litungu haimbagui mtu. Babu anapiga nyuzi, watu wazima wanacheza mpaka vumbi linatimka, na mtoto anayeigiza pembeni anatoka jasho kuliko anayefanya mazoezi ya viungo shuleni. Familia inayowapeleka watoto kwenye sherehe na kuwaacha wacheze, badala ya kuwatuma maji na sahani tangu asubuhi hadi jioni, imeshatoa saa mbili za burudani ya mwili. Siku ya ibada, iwe Jumamosi kwa Wasabato au Jumapili kwa wengine, kuna nafasi kati ya chakula cha mchana na mifugo kurudi. Ni nafasi hiyo ndiyo simu huimeza.

Kuhusu usalama, wazazi wa vijiji vya jirani na hifadhi wana sababu ya kuwa na hofu. Tembo huingia mashambani, na Mto Mara una mamba. Kumwambia mzazi huyo amwache mtoto azurure ni upuuzi. Uwanja wa shule baada ya masomo, au ua wa familia tatu nne zinazopokezana mkubwa mmoja wa kuangalia, unatosha. Mkubwa huyo anaweza kuwa bibi aliyekaa kwenye kigoda akichambua maharage.

Watoto wadogo wasisahauliwe. Kwa wenye miaka mitatu na minne WHO inataka dakika 180 za kusogea kwa siku, na muda wa skrini usizidi saa moja. Wa umri huo hawahitaji kufundishwa, wanahitaji tu wasifungiwe wala kupewa simu ili wanyamaze.

Na kwa baba anayetaka kuanza mahali, rede ndiyo rahisi. Mpira ni soksi mbili zilizojazwa matambara. Wawili wanasimama huku na huku wakirushiana, mmoja anakaa katikati na chupa tupu. Kazi yake ni kujaza chupa mchanga huku akikwepa mpira. Ukimgusa ametoka, anaingia mwingine. Baba asimame upande wa kurusha, hapo heshima yake haitaguswa na miguu yake haitachoka. Msichana wa darasa la nne akae katikati, na mdogo wake abebwe na kaka yake mpaka chupa ijae.